Usiku wa Asmini Hengzhou

Wafanyabiashara wa kwetu wanaokwenda Guangzhou, kusini mwa China, huijua njia moja: uwanja wa ndege, hoteli za Xiaobei, masoko ya nguo na viatu, kisha ghala la kufungia mzigo. Hata mimi nimeifuata njia hiyo kwa miaka, nikinunua vitambaa vya pazia na mashuka ya kuuza Mombasa. Safari hii, mzigo uliposhafungwa na makaratasi yakakamilika, nilipanda treni ya kasi kuelekea magharibi hadi Nanning, mji mkuu wa jimbo la Guangxi. Nilikuwa naifuata Hengzhou, mji ulio kando ya mto Yu, ambako hulimwa zaidi ya nusu ya asmini yote ya dunia. Huko hawasuki vikuba wala hawatandazi maua kitandani. Asmini yao huingia kwenye chai.

Na ni asmini yetu hasa, ile ile wanayouza kina mama jioni pale Mji wa Kale, ikiwa imetungwa na rihani. Wataalamu wa mimea huiita Jasminum sambac, na wanayoilima sana Hengzhou ni ile ya petali nyingi. Wachina wenyewe husema si ua la kwao tangu asili. Lilikuja kwa bahari kutoka upande wa magharibi, likashika mizizi kusini ambako baridi si kali. Kwa hiyo ua moja lilitoka pande za Bara Hindi likaenda njia mbili, moja ikaja kwetu na nyingine ikaenda kwao, na kila watu wakalipa kazi yao. Hilo ndilo lililonitoa Guangzhou.

Stesheni ya Nanning alinipokea kijana wa Tanga anayesoma chuo huko, mtoto wa jirani wa dada yangu, aliyekubali kuwa mkalimani wangu.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu. Hawa watu wa maua utaweza kusema nao?”

“Nitaweza, mama. Ila wakisema lugha yao ya kijijini, hapo tutaonyeshana kwa vidole.”

Tulikwenda kwa gari kuelekea mashariki, barabara nzuri yenye miwa na migomba pande zote mbili, na joto lililonifanya nijione nipo Kilifi. Ulikuwa mwezi wa Julai. Asmini ya Hengzhou huchumwa tangu karibu na Mei mpaka Oktoba, lakini wenye chai husubiri ile ya katikati ya kiangazi, jua linapokuwa kali kuliko wakati wote, kwa sababu ndipo harufu yake inapokuwa nzito. Mvua ikinyesha mchana, mavuno ya siku hiyo hushuka thamani: tumba lililolowa halifunguki vizuri, na maji yake huiharibu chai.

Shambani hakuna mtu aliyekuwa ameanza kuchuma asubuhi. Walianza jua lilipokaribia utosini, wanawake wengi na wazee kadhaa, kofia pana, mikono mirefu, mfuko umefungwa kiunoni. Bibi mmoja alinishika mkono akaniwekea matumba mawili kiganjani. Moja lilikuwa jeupe, limevimba. Jingine lilikuwa dogo kidogo na bado lina kijani. Hili la leo, akasema, na hili la kesho. Atakayechuma la kesho leo amelipoteza, kwa kuwa halitafunguka. Na lililokwisha kufunguka jana usiku, hilo limekwisha mwaga harufu yake hewani, hakuna wa kulinunua. Huchumwa lile tu litakalochanua usiku wa siku hiyo hiyo, kwa ncha za vidole viwili, na kikonyo kifupi mno chini yake.

Nililinusa tumba la leo na sikupata kitu ila harufu ya majani mabichi. Kina mama wa kwetu nao hulijua hili, ndiyo maana huchuma alasiri na kuuza jioni, ili ua lifunguke likiwa tayari limo nyweleni.

Kuanzia alasiri soko la maua lilijaa pikipiki zenye mifuko ya wavu. Bei hutajwa kwa jin, kipimo chao cha nusu kilo, nayo hubadilika saa kwa saa. Wanunuzi hawapigi soga; hutia mkono katikati ya mfuko, wakahisi kama maua yameanza kupata joto, wakatazama kama kuna machafu ya kijani, wakakubali au wakasogea mbele. Maua yanayolundikana kwenye mfuko kwa muda mrefu hujipika yenyewe. Tuliondoka nyuma ya gari la mtu mmoja mwenye karakana ya chai, mzee wa asili ya Fuzhou, aliyekuwa ameridhia tukae naye usiku kucha.

Hapa lazima niseme kidogo juu ya Fuzhou, maana ndiko ufundi wenyewe ulikokomaa. Ni mji wa mkoa wa Fujian, karibu na mdomo wa mto Min. Huko biashara ya chai ya asmini ilipata nguvu katikati ya karne ya 19, chai ikipelekwa kaskazini kwa watu wa Beijing, ambao mpaka leo wakisema chai aghalabu huwa wanakusudia hiyo. Mwaka 2014 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa liliyatambua mashamba ya asmini na chai ya Fuzhou kuwa urithi wa kilimo wa dunia, na mwaka 2022 ufundi wa kutia harufu uliingia katika orodha ya UNESCO pamoja na aina nyingine za utengenezaji chai wa China. Lakini mji ulipanuka, majumba yakala mashamba ya maua, na biashara kubwa ikahamia Hengzhou pamoja na mafundi kama mzee wetu. Jirani na Fuzhou kuna Changle, bandari ambako merikebu za Zheng He, amiri wa bahari wa China, zilisubiri upepo wa kaskazi kabla ya safari zao za karne ya 15, zile zilizofika hadi Malindi. Mzee aliposikia natoka pwani hiyo alimwambia kijana anitafsirie kwamba basi sisi ni majirani wa zamani.

Chai yenyewe haikuwa imetengenezwa siku ile. Ilichumwa wakati wa machipuko, tangu Machi na Aprili, majani machanga ya ncha, ikakaangwa na kukaushwa kuwa chai ya kijani, kisha ikahifadhiwa pakavu ikilingoja ua. Nyingine hutoka Fujian, nyingine Zhejiang, nyingine Yunnan. Mzee aliishika kiganjani akaivunja. Ilivunjika kwa sauti. Sharti iwe kavu kabisa, kwa kuwa jani kavu hunywa kila kinachopita karibu nalo.

Maua yalimwagwa sakafuni juu ya mkeka safi. Yakilundikwa hupata joto, na joto huyaamsha. Yakizidi, hutandazwa yapoe. Kisha hulundikwa tena. Mzee alikuwa akizamisha mkono mpaka kwenye kiwiko kila baada ya muda, bila kipimajoto, ingawa kilikuwapo ukutani. Ilipokaribia saa tatu usiku nilisikia wafanyakazi wamenyamaza. Matumba yalikuwa yanaachia. Ndani ya muda mfupi karakana nzima ilijaa harufu ile ninayoijua tangu utoto, harufu ya harusi na ya jioni za Ramadhani, lakini kwa wingi ambao mwili wangu haukuwahi kuupata. Kijana wa Tanga alinitazama akasema, “Mama, kama nipo kwa bibi.” Machozi yalinilenga, na sikuyafuta.

Wanataka ua liwe nusu wazi, petali zikiwa zimejikunja nje kama kucha. Hali hiyo wanaiita kucha la chui milia. Maua mengi yakifika hapo, yasiyofunguka huchekechwa na kutolewa, kisha maua na chai huchanganywa kwa koleo za mbao, tabaka juu ya tabaka, mpaka likawa tuta refu la kimo cha goti. Halafu ni kuacha. Ua liko hai na linapumua. Linatoa harufu, unyevu na joto, na chai inavipokea vyote vitatu. Ni kufukiza, kama tunavyofukiza nguo kwa udi juu ya chetezo, tofauti ni kwamba hapa hakuna moshi na kinachofukizwa huja kunywewa.

Katika saa za katikati ya usiku tuta lilikuwa na joto la kupita nyuzi 40. Hapo walilivunja na kulitandaza lote, mvuke ukipanda, kwa sababu joto likizidi ua hufa na kuanza kunuka kitu kilichochachuka. Kisha likarudishwa. Mzee hakulala. Mimi nilisinzia kwenye benchi, nikaamka nikamkuta amesimama mahali pale pale na mkono wake ndani ya chai.

Alfajiri ilikuwa kazi ya chekecheke. Maua yalitolewa yakiwa manjano, yamelegea, hayana tena kitu cha kutoa. Chai ilikuwa na unyevu, ikapelekwa tanuri ikauke taratibu, ipumzike siku kadhaa, na kisha irudi kwa maua mapya usiku mwingine. Chai ya kawaida hupitishwa mara moja au mbili. Iliyo nzuri hupita tano, saba, hata tisa, na mara ya mwisho hutiwa maua machache yaliyochaguliwa bila kurudishwa kwenye moto, ili harufu ya juu ibaki mbichi. Ukijumlisha maua ya siku zote hizo, uzito wake huipita chai yenyewe. Ndipo nilipoelewa bei.

Ndipo pia nilipoelewa kwa nini pakiti zenye maua mengi makavu ndani, zile tunazozipapia madukani kwa uzuri wake, si dalili ya ubora. Ua lililobaki ni ua lililokwisha kazi, na likiwa jingi huleta uchungu. Sichuan wapo wanaoacha petali kwa makusudi zielee juu ya kikombe, na ni nzuri kutazama. Lakini mzee, kabla ya kuonja, aliokota kila kipande cha petali akakiweka kando.

Kuonja kwake kulikuwa na utaratibu: gramu 3 za chai katika kikombe cheupe cha mililita 150, maji yaliyochemka, dakika 3, akamimina na kunusa, kisha maji mengine juu ya majani yale yale, dakika 5. Maji ya kwanza huonyesha kama harufu ni mbichi. Ya pili huonyesha kama imeingia ndani ya jani. Alinionjesha tatu kwa mpangilio. Ya kwanza ilinukia sana mwanzoni, na kwa maji ya pili ikawa chai tupu. Ya pili ilikuwa na harufu nyingine chini ya asmini, nzito na tamu kupita kiasi. Ni ua la bailan, jamaa ya magnolia, ambalo hutiwa kidogo kushikilia harufu na halipaswi kujitokeza. Ya tatu haikupiga puani kwa nguvu. Ilikuja baada ya kumeza, ikapanda nyuma ya koo, na maji ya nne bado yalikuwa nayo. Hiyo nikanunua, na ile iliyoviringwa kwa mkono kuwa vidonge vidogo vyenye manyoya meupe, nusu kilo kila moja.

Ya kuonja ni ya kutafuta kasoro, ndiyo maana maji huwa makali. Ya kunywa, mzee aliipika kwa upole zaidi, katika bakuli lenye kifuniko na kisahani wanaloliita gaiwan: maji yaliyochemka kisha yakaachwa yatulie hadi nyuzi 80 au 85, dakika moja au mbili, kifuniko kinuswe kwanza. Vidonge huhitaji muda zaidi, na kuvitazama vikifunguka ni raha yake.

Nimeshaipika Mombasa mara nyingi tangu nirudi. Maji yetu ya kisima yenye chumvi huiua kabisa. Tumia ya mvua au ya chupa. Maziwa, tangawizi na iliki waachie majani ya Kericho, yanayaweza. Na sukari isiingie kikombeni. Najua wengi watakunja uso, lakini pwani tunakunywa kahawa chungu kila jioni na utamu tunaushika mkononi, tende au kipande cha halua. Fanyeni vivyo hivyo kwa chai hii. Mume wangu, mtu wa vijiko vitatu, alikubali kwa tende za Ajwa, na sasa huniuliza imebaki kiasi gani.

Iwekeni kwenye kopo la bati linalofunga sawasawa, chumba kingine kabisa na karafuu, iliki na udi. Jani lile bado linavuta, na halichagui.