Kanuni za Mapigano za Kujitungia: Tazama Kwanza Nani Anatupa Dadu

Ni nadra kumpata msimamizi wa mchezo wa Dungeons & Dragons ambaye hajawahi kutunga kanuni zake mwenyewe, na mara nyingi huanzia kwenye mapigano. Hilo si uasi. Mchezo huu, ambamo kila mchezaji huigiza shujaa na msimamizi huendesha hadithi na maadui, ulitolewa mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson; ulichipuka kutoka katika michezo ya vita vya askari wadogo wa mezani, na vijitabu vyake vya kwanza viliacha mapengo mengi ambayo kila kundi la wachezaji lililazimika kuyaziba kwa namna yake. Toleo la tano la mwaka 2014, ambalo ndilo ninalolitumia, nalo lina kanuni kadhaa za hiari, na tangu Januari 2023 msingi wa kanuni zake umewekwa chini ya leseni ya Creative Commons, hivyo yeyote anaweza kuurekebisha na hata kuchapisha alichokitunga. Kutunga, basi, ni rahisi. Kazi iko katika kutambua mapema ni mchezaji gani ambaye kanuni mpya itamwonea.

Katika bao hakuna bahati ya kusingizia. Katika mchezo wa dadu bahati ipo, na anayetunga kanuni ndiye anayeigawa. Kwa hiyo, ninapoletewa kanuni mpya, siulizi kwanza kama ina nguvu au inasisimua. Ninauliza ni nani atakayekutana nayo mara nyingi zaidi, kutoka shujaa wa daraja la kwanza, yaani ngazi ya chini kabisa ya uzoefu, hadi wa daraja la 20.

Chukua kanuni ya pigo la mkosi, ambayo pengine ndiyo inayopendwa kuliko zote: anayetupa dadu ya pande 20 wakati wa kushambulia na kupata moja, upanga humponyoka au humjeruhi mwenzake. Kwa pigo moja uwezekano huo ni asilimia 5, na kila mtu huona ni haki. Lakini mpiganaji akifika daraja la 5 hupata mapigo mawili kwa zamu, akifika la 11 hupata matatu, na la 20 manne. Uwezekano wa kukumbwa na mkosi angalau mara moja katika zamu hupanda kutoka asilimia 5 hadi karibu 10, kisha zaidi ya 14, na hatimaye zaidi ya 18. Kwa maneno mengine, kadiri mtu anavyobobea katika upanga ndivyo upanga unavyomponyoka zaidi. Mchawi aliyeketi kando yake anarusha tufe la moto, linalounguza kwa dadu nane za pande 6, yaani wastani wa 28, bila kutupa dadu yoyote ya kushambulia, kwa kuwa ni maadui ndio wanaotupa dadu ya kujinusuru, yaani ya kuona kama wataponea madhara ya uchawi. Kwa uchawi wa namna hiyo mkosi haumgusi kamwe. Kanuni iliyokusudiwa kuchekesha imegeuka kodi inayolipwa zaidi na wenye silaha.

Kwa wanaoshindwa kuachana na mkosi, nami ninakiri kwamba una utamu wake, ninapendekeza uhesabiwe katika pigo la kwanza la zamu tu, ili bingwa na mwanafunzi wabaki kwenye asilimia ile ile 5. Mchawi naye aingizwe: adui wa kwanza anayejinusuru na uchawi wake akipata 20, mkosi unamrudia mchawi. Adhabu iwe ndogo, kama vile kumruhusu adui asogee hatua chache bila kushambuliwa. Silaha isivunjike kamwe.

Upande wa pili wa dadu kuna pigo kuu, yaani kupata 20. Kanuni rasmi huongeza dadu za madhara maradufu, na wengi hulalamika kwamba wakati mwingine pigo kuu hutoa madhara kiduchu. Dawa wanayoitunga ni kuhesabu dadu za kawaida kwa thamani yake ya juu kabisa, kisha kutupa zile za nyongeza. Upanga mkubwa wa dadu mbili za pande 6 hupanda kutoka wastani wa 14 hadi 19, na meza nzima hupiga makofi. Sasa mpe zimwi kanuni hiyo hiyo. Rungu lake hutoa dadu mbili za pande 8 pamoja na nyongeza ya 4, hivyo pigo lake kuu la kawaida lina wastani wa 22. Mchawi wa daraja la pili mwenye alama 14 za uhai huanguka na kuzirai, na wenzake wana nafasi ya kumwokoa. Kwa kanuni mpya wastani unakuwa 29, ziada iliyobaki baada ya uhai wake kuisha ni 15, na kwa kuwa ziada hiyo imefikia uhai wake wote, kanuni za mchezo zinamhesabu kuwa amekufa papo hapo. Zimwi huishi pambano moja tu na hakuna anayelililia. Shujaa hupokea mapigo ya maadui wote wa kampeni nzima, yaani mfululizo mzima wa mapambano ya hadithi moja, kwa hiyo kila kinachoongeza yumbayumba ya bahati huwapendelea maadui hata kama kimeandikwa kwa usawa kwa pande zote. Ndiyo maana kwangu pigo kuu lililoboreshwa ni la mashujaa tu, na sioni haja ya kuomba radhi kwa hilo.

Kuhusu kumzingira adui, yaani wawili kumkabili kutoka pande zake mbili zinazotazamana, nitasema kwa ufupi. Kanuni ya hiari humpa anayezingira haki ya kutupa dadu mbili na kuchukua iliyo kubwa, jambo linalompandisha anayehitaji 11 au zaidi ili pigo lipate kutoka asilimia 50 hadi 75. Kwa kuwa haki hiyo hailimbikizwi, mwizi aliyejificha kwa ustadi na barbari aliyejiachia wazi ili ashambulie kwa nguvu wote wanapata kile ambacho mwingine amekipata kwa kusogea hatua mbili. Nyongeza ya 2 kwenye dadu inatosha: ni asilimia 10, na haiui ujuzi wa mtu.

Linalostahili muda zaidi ni idadi ya zamu. Zimwi lina alama 59 za uhai na madhara ya wastani wa 13. Mashujaa wanne wa daraja la pili, kila mmoja akitoa wastani wa madhara 6 kwa zamu baada ya kuhesabu mapigo yanayokosa, hulimaliza kati ya raundi mbili na tatu (raundi moja ni kila mmoja kupata zamu yake), huku lenyewe likiwa limepata zamu mbili au tatu tu. Msimamizi anayeona aibu huliongezea uhai maradufu, na anachopata ni pambano lile lile lililorefushwa hadi raundi tano. Akiongeza madhara maradufu, pigo moja la 26 linamwangusha hata mpiganaji mwenye alama 20. Kinachokosekana si uhai wala nguvu. Ni nafasi za kutenda, na toleo la tano lenyewe linalijua hilo, kwani viumbe wake wakuu kwa kawaida hupewa vitendo vitatu vya ziada baada ya zamu za wengine.

Kanuni yangu kwa viumbe wa kawaida imeandikwa hivi: adui aliye peke yake dhidi ya mashujaa watatu au zaidi hupata zamu ya pili, inayokuja baada ya nusu ya mashujaa kutenda. Katika zamu hiyo anaweza kusogea, kusukuma, kukamata au kuvunja kitu, lakini hawezi kurudia shambulio lake kuu. Niliijaribu kwa mapambano yasiyo na hadithi, mashujaa wale wale na zimwi lile lile, kwanza bila kanuni na kisha nikiwa nayo, nikiandika raundi zilizopita na walioanguka. Kilichobadilika zaidi ni miguu: watu waliacha kusimama mahali pamoja. Zamu hiyo ya pili hufutwa mara mashujaa waliosimama wanapobaki wawili, kwa sababu hapo uwiano wa zamu umekwisha kujirekebisha wenyewe.