Brno ya ami
Wapenda mitutu wa Tanga, leo nachokoza. Ami yangu wa Ngamiani ana Brno ya zamani, bunduki ya kuwindia ya Kicheki, ya risasi nene za .375 H&H. Mimi nimezoea Remington 700 ya bosi kule Handeni. Kwa shabaha, Remington sina la kuitoa kasoro, inalenga palepale. Lakini bolti, kile chuma unachovuta na kusukuma kupakia risasi!

Ya Brno imerithi Mauser ya 1898: ubavuni ina kucha ndefu ya chuma inayoidaka risasi ikitoka tu magazini, haiiachii mpaka ganda liruke nje. Hata uigeuze bunduki juu chini, inakula. Remington inaisukuma tu mpaka kwenye chemba, na kikucha chake kidogo kimejificha ndani ya bolti. Kwa swala sawa. Kwa mbogo aliyejeruhiwa kichakani nipe Brno, na uzito wake wote (bega litajua).

Winchester, watengeneza bunduki wa Marekani, waliiondoa kucha hiyo kwenye bunduki yao ya Model 70 mwaka 1964, wateja wakanuna, ikarudi miaka ya 1990.

Ami hauzi, hata uje na kibali mkononi. Na kwa chumvi ya bahari yetu, bolti yake haikosi mafuta. Mwenye CZ 550, mdogo wake Brno, aseme: inateleza hivi hivi au imepungua?