Alipotishia Kusema Ndoa Yetu ni ya Makaratasi: Nilivyoandaa I-360 Bila Saini Yake

Wengi wetu tulioolewa na raia wa Marekani tunafungwa mdomo kwa maneno yale yale: "Nitawapigia uhamiaji niwaambie uliolewa na mimi kwa ajili ya makaratasi. Utarudishwa kwenu." Nami mume wangu aliniambia hivyo. Nilichofanya ni kuisoma sheria inasema nini hasa, kisha nikaandaa ombi langu mwenyewe, kwa fomu iitwayo I-360, pasipo yeye kuhusishwa. Naeleza hapa kwa ajili ya aliyemo ndani ya hali hiyo sasa, awe mke au mume. Sheria inayotulinda ni VAWA (Violence Against Women Act, yaani Sheria ya Ukatili Dhidi ya Wanawake), ya mwaka 1994. Jina lake linataja wanawake, lakini mume anayepigwa naye ana haki ile ile.

Ulaghai wa ndoa ni kosa zito kweli. Anayefunga ndoa kwa makusudi ya kukwepa sheria za uhamiaji anaweza kufungwa hadi miaka 5 na kutozwa faini hadi dola 250,000, na raia aliyeshiriki anaingia humo humo. Tena kifungu cha 204(c) cha sheria ya uhamiaji ya Marekani kinasema aliyethibitika kufanya ulaghai huo hataidhinishiwa tena ombi la kuletwa na ndugu, mwenza au mwajiri. Ndiyo maana usitie saini karatasi yoyote inayokiri kwamba ndoa ilikuwa ya uongo, hata ukiambiwa kwenye mahojiano kwamba ukikiri mambo yatakuwa mepesi. Ila kinachopimwa ni nia ya siku mlipooana: je, mlikusudia kuishi pamoja kama mume na mke? Mahakama ilishalisema hilo katika kesi ya Bark mwaka 1975. Ndoa iliyoanza kwa nia njema ikaharibiwa na kipigo haigeuki kuwa ulaghai kwa sababu mmoja amekasirika.

Jua kwanza uko kundi gani. Kama tayari una Green Card (kadi ya ukaazi) ya miaka 2, ambayo ni ya masharti, fomu yako ni I-751, ya kuyaondoa masharti hayo. Kwa kawaida wanandoa huijaza pamoja, lakini aliyeteswa anaruhusiwa kuomba peke yake, na hahitaji kusubiri siku 90 za mwisho kabla kadi haijaisha, kama wanavyosubiri wanaojaza pamoja. Kama huna kadi, au mwenza wako alikufungulia I-130 (fomu ya kumwombea mwenza ukaazi) na sasa anatishia kuiondoa, fomu ni I-360. I-130 ni ombi lake, anaweza kuliondoa. I-360 ni yako, hana uwezo wa kuigusa. Kwa anayeomba kwa njia ya VAWA haina ada, na watoto wako wasiooa wala kuolewa walio chini ya miaka 21 unaweza kuwataja humo.

Yapo mambo matano ya kuthibitisha: kwamba mwenza ni raia au mkaazi wa kudumu, kwamba ndoa ilikuwa halali na ya nia njema, kwamba mliishi pamoja, kwamba ulipigwa au ulitendewa ukatili uliokithiri, na kwamba una mwenendo mwema. Sheria inawataka maofisa wa uhamiaji wapokee ushahidi wowote unaoaminika, kwa hiyo kukosa karatasi moja hakuui kesi. Hata hati ya uraia wake ukiwa huna, andika jina lake kamili, tarehe na mahali alipozaliwa, nao watajaribu kumtafuta kwenye kumbukumbu zao.

Nia njema ndiyo sehemu niliyoifanyia kazi zaidi, kwa kuwa ndiyo inayojibu tuhuma yake. Mnyanyasaji huficha makaratasi, lakini nakala ziko mahali pengine. Cheti cha ndoa kinatolewa upya na ofisi ya kaunti mlipofungia. Muhtasari wa kodi mlizojaza pamoja (tax transcript) unauomba mamlaka ya kodi, IRS, bila malipo. Mwenye nyumba ana mkataba wa pango, shule ina fomu yenye majina ya wazazi wote wawili, hospitali ina jina la mtu wa kuitwa wakati wa dharura. Sisi tuna na ya kwetu: jumbe za posa na mahari, picha za washenga waliokwenda kwa wazazi, risiti za fedha alizotuma nyumbani. Weka zote. Picha moja ya harusi haisemi mengi. Picha za miaka tofauti, pamoja na ndugu, zinasema.

Kama uliwahi kuolewa au kuoa kabla, talaka ya mdomo haitakuvusha. Kwa Tanzania tafuta amri ya mahakama, kwa Kenya hati ya Mahakama ya Kadhi au mahakama nyingine iliyoivunja ndoa. Na ukigundua kwamba ni yeye aliyekuwa na ndoa nyingine akakuficha, usikate tamaa: tangu marekebisho ya mwaka 2000, aliyefunga ndoa kwa imani kwamba ni halali analindwa pia.

Ukatili si kipigo pekee. Kushikiliwa pasipoti, kunyimwa fedha, kuzuiwa kuongea na ndugu, kutishiwa kurudishwa kila mkigombana, vyote vinaingia. Ripoti ya polisi inasaidia lakini si sharti. Nilichapisha jumbe za WhatsApp zikionyesha namba na tarehe, si kipande kilichokatwa. Kila ujumbe wa Kiswahili uwe na tafsiri ya Kiingereza, na mfasiri aandike kwamba anazijua lugha zote mbili na tafsiri ni sahihi, kisha atie saini. Tafuta mtu mwingine, usijitafsirie. Imamu, mchungaji au mzee aliyekaa kwenye kikao cha suluhu ni shahidi mzuri sana, mradi aandike alichokiona na kukisikia mwenyewe, lini na wapi. Barua ya "ni dada mwema anayesali" haina uzito.

Kiapo chako, yaani maelezo yako ya maandishi unayoyaapia, ndicho moyo wa faili. Anza mlivyokutana na kwa nini ulimpenda, maana wengi hurukia kipigo wakaacha nia njema bila mtetezi. Halafu eleza matukio: tarehe au majira, alisema nini, alifanya nini, nani alikuwepo, baada ya hapo ulifanya nini. "Alikuwa akinitesa kila siku" haimpi ofisa kitu cha kushika. Na tarehe za kiapo zilingane na za jumbe na hospitali, kwa sababu zikipishana ndipo shaka huanzia.

Kwa mwenendo mwema utahitaji cheti cha polisi cha kila mahali ulipoishi miezi 6 au zaidi ndani ya miaka 3 iliyopita, na kama ulikuwa Nairobi au Dar es Salaam, cha huko pia. Ukikamatwa kwa sababu yeye alitangulia kupiga simu polisi, usikiri kosa kabla ya kuonana na mwanasheria wa uhamiaji.

Kuhusu siri: sheria inakataza maofisa kumpa habari za ombi lako, na inakataza kukuamulia vibaya kwa kutegemea maneno yake peke yake. Hatari kubwa iko nyumbani. Weka anwani salama kwenye fomu, fungua barua pepe mpya, zima huduma ya simu inayoonyesha mahali ulipo, na usiseme neno kwenye kundi la ukoo.

Waepuke watu wa kujaza fomu wanaoahidi kadi. Tafuta wakili, au mwakilishi aliyeidhinishwa na Wizara ya Sheria. Orodha ya wawakilishi hao iko wazi. Fomu iwe toleo la sasa na iwe na saini, la sivyo inarudishwa. Wakiomba ushahidi zaidi, jibu kwa mkupuo mmoja kabla ya tarehe waliyoandika.

Talaka haifungi mlango, ila ombi liingie ndani ya miaka 2 tangu itolewe, na uonyeshe ilivyohusiana na ukatili. Usiolewe tena kabla I-360 haijaidhinishwa: ukifunga ndoa nyingine wakati bado inasubiri, itakataliwa.