Kutoka Leeds hadi Tottenham na mzee wa raga

Basi la London lilitoka Leeds saa kumi na moja na nusu alfajiri, giza bado limeshika, na mwenzangu alikwisha anza kulalamika kabla hatujaingia barabara kuu ya M1. Tunaendesha mabasi ya depo moja, mwaka wa tisa sasa. Ni mtu wa Hunslet, kusini mwa Leeds, anakaribia miaka sitini, na kwake mchezo ni mmoja tu: raga ya watu kumi na watatu, raga ya kaskazini. Mimi humwita mzee, kwa desturi ya kwetu Unguja, na alipoelezwa maana yake alilipenda neno, mpaka depo nzima ikalishika.

Binti yake, mwanafunzi wa chuo kikuu, ndiye aliyetukatia tiketi tatu za Jumapili ile, tarehe 6 Oktoba 2024. Minnesota Vikings na New York Jets, futiboli ya Kimarekani, uwanja wa Tottenham Hotspur. Mzee alikuja kwa sababu mwanawe alimwomba. Mimi nilikuja kwa sababu nilitaka kuona kwa macho yangu kitu ambacho Waingereza hawa hawaachi kukigombania.

Maana wanagombana kweli. Toka mwaka 2007, New York Giants walipowashinda Miami Dolphins 13-10 pale Wembley, katika mechi ya kwanza ya msimu wa NFL, ligi kuu ya mchezo huo Marekani, kuchezwa Ulaya, kila Oktoba ikifika chumba cha chai cha depo hugawanyika. Wako wanaokesha usiku wa Jumapili na Jumatatu wanaingia zamu macho mekundu. Wako wanaosema ule si mchezo, ni matangazo ya biashara yanayokatizwa na mpira. Na wa raga ndio wakali kuliko wote: wanaume wazima, wanasema, wamevaa helmeti na mabega ya plastiki, wanagongana sekunde tano kisha wanasimama kupumua.

"Sekunde tano," mzee aliniambia tena ndani ya basi, akinionyesha vidole. "Wangu wanagongana dakika themanini, hawana hata kofia."

Jua lilichomoza tukiwa njiani, na kituo tulichosimama muda mrefu kilikuwa Milton Keynes. Mzee alifuta ukungu wa kioo kwa mkono wa koti, akatazama nje kwa muda. Halafu akasema kwa sauti ya chini, bila ya ukali wa mwanzo: "Hapa ndipo walipoileta timu ya watu."

Hadithi yenyewe kila shabiki wa Uingereza anaijua. Klabu ya Wimbledon, ya kusini mwa London, ilihamishiwa Milton Keynes mwaka 2003, baada ya jopo la chama cha soka kuruhusu mwaka uliotangulia. Mashabiki wake hawakuifuata. Waliunda klabu yao mpya, AFC Wimbledon, wakaanzia madaraja ya chini kabisa. Mzee hata si mtu wa soka, lakini lilimuuma kana kwamba timu ya Hunslet ndiyo iliyobebwa. Na alichotaka kusema ni hiki: kule Marekani hilo ni jambo la kawaida. Raiders walikuwa Oakland, mwaka 2020 wakaenda Las Vegas. Rams walikuwa St. Louis, mwaka 2016 wakarudi Los Angeles. Mwenye mali anafunga mizigo, mji unabaki na jezi zake kabatini. Hakuna kushuka daraja, kwa hiyo timu mbovu haiadhibiwi. Tena iliyoshika mkia ndiyo inayotangulizwa kuchagua vijana wapya.

Binti yake alijibu kwamba ndiyo maana kila mwaka timu yoyote ina matumaini. Baba hakumjibu. Basi likaondoka.

Nilikaa nalifikiri neno lile hadi kituo cha Victoria, London. Malalamiko ya sekunde tano nilikuwa nayasikia miaka yote na hayakunigusa. Hili lilinigusa. Mimi nimekua Ng'ambo, mtaa una timu yake na timu ina mtaa wake, na sidhani kama ningeweza kuipenda timu inayoweza kuuza nyumba usiku mmoja ikaondoka bila kuniaga. Mpaka leo sijaweza.

Treni ya chini kwa chini ilitupeleka Seven Sisters, na kutoka hapo tukaamua kwenda kwa miguu, mwendo wa kama nusu saa kuifuata High Road. Ningemshauri yeyote afanye hivyo. Maduka ya Wakaribi, ya Waturuki, ya Waafrika Magharibi, vinyozi, ndizi mbichi na viazi vikuu vimepangwa nje, na katikati ya hayo yote watu wanapita na jezi za zambarau na kijani, na za timu ambazo siku ile hazikuwa zinacheza hata kidogo. Binti alikuwa na ya Green Bay Packers. Nikaona Dallas, Miami, Pittsburgh, Seattle. Katika soka ya Uingereza ukivaa jezi ya timu ya tatu kwenye mechi ya wawili, utaulizwa umepotea wapi. Hapa walikuwa wakisimama njiani kupigana picha, mtu wa Chicago na mtu wa Green Bay, mahasimu wa zaidi ya miaka mia, wamekumbatiana mbele ya duka la kuku.

Tulikunywa chai mahali padogo karibu na uwanja. Mwenyeji mmoja wa meza ya pili, shabiki wa Spurs, yaani Tottenham wenyewe, alituambia kwa adabu kabisa kwamba hatakwenda. Anaishi mitaa miwili kutoka pale. Alichokuwa hakisamehe ni nyasi. Uwanja ule uliofunguliwa 2019 una nyasi halisi zilizokatwa vipande vitatu, na wakija Wamarekani vipande vile huviringika vikaingia chini ya jukwaa la kusini, chini yake kukatokea zulia la nyasi bandia. Wahandisi wanaona fahari. Yeye aliona ni kama mgeni anayekuja kwako, na kabla hajaketi unamwondolea mkeka wa babu yako. Alitukumbusha pia Aprili 2021, klabu kubwa za Ulaya, na Spurs ikiwemo, zilipotangaza ligi yao isiyo na kushuka daraja. Mashabiki wa Uingereza wakamwagika barabarani, na katika siku mbili klabu zote sita za nchi hii zikajitoa. "Ile fikra waliipata wapi?" aliuliza, akaelekeza kikombe upande wa uwanja.

Mzee alimpa mkono kabla ya kuondoka.

Ndani, tulikaa pembeni juu, na jirani yangu wa kushoto alikuwa mtu aliyenifundisha zaidi ya wote. Bwana wa miaka sitini na kitu, na koti la Chicago Bears lililochakaa viwiko. Alianza kuutazama mchezo huu mwaka 1982, televisheni ya Channel 4 ilipoanza kuuonyesha, na Agosti 1986 alikuwa Wembley ya zamani Bears walipowashinda Dallas Cowboys 17-6, akamwona kwa macho William Perry, yule waliyempa jina la Jokofu kwa ukubwa wake. Mwaka 1991 London ilikuwa na timu yake, Monarchs, ikachukua ubingwa wa ligi mpya pale pale Wembley kwa kuwafunga Barcelona 21-0. Alilisema hilo taratibu, kama mtu anayetaja harusi yake.

Kisha timu ikafifia, mwaka 1998 ikawa imekwisha, na ligi ya Ulaya yenyewe ikafungwa 2007, mwaka ule ule mechi za ligi kubwa zilipoanza kuletwa. "Zamani tulikuwa na timu," aliniambia. "Siku hizi tuna wageni." Anakuja kila mwaka, na kila mwaka anarudi nyumbani na kovu lile lile. Nilitambua kwamba na huyu, anayeupenda mchezo kuliko sisi sote watatu, kilio chake hakiko mbali na cha yule wa chai.

Zikaimbwa nyimbo mbili za taifa, mchezo ukaanza saa nane na nusu mchana, na makofi ya Vikings yakaanza: mikono juu ya kichwa, ngoma, pigo moja, kimya, pigo jingine, na watu maelfu wakisema "Skol". Mzee alikaza uso. Makofi yale anayajua. Vikings waliyachukua mwaka 2016 kwa mashabiki wa soka wa Iceland, na Iceland ndio walioitoa England 2-1 kwenye mashindano ya Ulaya ya mwaka huo huo. Lakini pigo la nne nilimwona mikono yake iko juu.

Sasa nije kwenye kusimama, maana hapo ndipo nilipopata jibu langu.

Kwetu Jaws Corner, Mji Mkongwe, wazee hucheza bao barazani na kahawa mkononi. Mtoto akitazama bao mara ya kwanza huona watu wamekaa tu. Fundi ameinama, kete zimo kiganjani, hatikisiki, na waliomzunguka hawatikisiki. Halafu mkono unatembea, shimo hadi shimo, sekunde chache, na baraza zima linapiga kelele. Marehemu baba yangu aliniambia nisitazame mkono, nitazame macho. Mchezo umeshachezwa mkono ukiwa bado umesimama.

Binti alinipa darubini yake ndogo, akaniambia nisifuate mpira. Nikawatazama Vikings wamekusanyika duara, migongo nje. Kwotabeki, yule anayeongoza mashambulizi na kurusha pasi, ana spika ndogo ndani ya helmeti; kocha anampa mpango kwa redio kutoka pembeni, karatasi imeziba mdomo ili wapinzani wasimsome midomo, na saa ikibakisha sekunde 15 sauti inakatwa. Baada ya hapo yuko peke yake. Wakatawanyika, wakajipanga. Mmoja wa Jets akajongea hatua mbili kushoto, na kwotabeki akaona, akapaza sauti, akanyosha mkono, watu wake wawili wakabadilishana nafasi. Upande wa pili nao wakabadilika. Wakatulia tena. Haya yote mpira uko chini, mkono wa mtu juu yake, na kwa mtu wa soka hakuna kilichotokea.

Nilimpa mzee darubini, nikamwambia habari ya bao. Alitazama majaribio matatu ya kusogeza mpira bila kusema neno.

Na mapema tu aliona matunda ya kutazama. Aaron Rodgers wa Jets alirusha pasi upande, na Andrew Van Ginkel, mlinzi wa Vikings, alikuwa tayari. Alisubiri pale pasi itakapopita. Akainasa, akakimbia yadi 63 peke yake mpaka mwisho wa uwanja. "Alijua," mzee alisema. "Alijua kabla." Ikafika 17-0.

Sitaki kudanganya: yako masimamo mengine hayana utetezi. Mara kadhaa wachezaji walisimama wameshika viuno, si kwa mpango wowote, ila kungoja televisheni ya kwao imalize matangazo. Mwaka 2010 gazeti la Wall Street Journal lilipima mechi kadhaa likakuta mpira unachezwa kama dakika 11 tu katika saa tatu. Hapo wa raga wana haki, na mimi niko upande wao. Anayesimama kufikiri na anayesimamishwa auziwe gari si kitu kimoja.

Lakini lipo jambo nililomwambia mzee wakati wa mapumziko, nililokuwa nimelisoma kabla ya safari. Mwaka 1881 vyuo vya Princeton na Yale vilikutana, na kila kimoja kikaushikilia mpira nusu nzima bila kumpa mwenzake, ikaisha bila bila, watazamaji wakakasirika. Mwaka uliofuata Walter Camp wa Yale akaleta sheria: majaribio matatu, usiposogea yadi tano toa mpira. Baadaye yakawa manne na yadi kumi. Na raga ya kaskazini iliugua ugonjwa ule ule: timu ilishika mpira isiuachie, mpaka mwaka 1966 wakaweka kikomo cha kuangushwa mara nne, kisha mara sita mwanzoni mwa miaka ya 1970. Mzee alikuwa mtoto mdogo sheria ya sita ilipoingia. Aliniangalia, akaangalia uwanja, akahesabu kwa vidole. Akaniuliza kama nina hakika na mwaka 1882.

Jets walijikokota wakarudi, 23-17, na dakika ya mwisho wakawa na mpira, uwanja wote umesimama. Rodgers akarusha. Stephon Gilmore wa Vikings akainasa. Bwana wa Bears alinishika bega asiseme kitu. Siku mbili baadaye tukasikia Jets wamemfukuza kocha wao, Robert Saleh, Mwislamu mwenye asili ya Lebanon, ambaye nilikuwa nimemtazama sana siku ile kwa sababu zangu. Niliumia.

Usiku, ndani ya basi, taa zimezimwa, mzee aliomba chenji zote tulizonazo. Akazipanga juu ya begi magotini, akamulika kwa simu: senti za shaba ni Jets, za fedha ni Vikings. Pasi ya mwisho, alimuuliza mwanawe; huyu alisimama wapi, na yule kwa nini hakwenda kulia? Binti akasogeza sarafu moja. Baba akairudisha. Milton Keynes ilipita hawajainua vichwa.

Tulipokaribia Sheffield alinigeukia, akaniuliza lile bao lina mashimo mangapi.

"Thelathini na mawili," nikamwambia. "Kete sitini na nne."

"Unalo hapa Leeds?"

Ninalo, la mninga, liko juu ya kabati chumbani, nilikuja nalo kutoka nyumbani. Zamu yetu Jumatatu ilianza saa saba mchana. Nililifunga kwenye kanga ya mke wangu, nikalipeleka depo.