Ethanoli ya mbao: hamira haili unga wa msumeno

Ushauri unaozagaa ni huu: chemsha unga wa mbao kwenye asidi, poza, tia hamira, subiri. Niliufuata neno kwa neno. Hamira haikutoa hata povu, na haikuwa mbovu, maana kwenye maji ya sukari ilifoka.

Asidi ya salfuriki ya asilimia 1, kwa nyuzi 121 na saa moja, huvunja hemiselulosi tu, ile sehemu ya mbao iliyo rahisi kuvunjika. Selulosi, nyuzi ngumu zilizo karibu nusu ya uzito wa mbao, hubaki karibu yote. Kwa miti ya majani mapana sukari inayotoka ni zailosi zaidi, na hamira ya mkate haiigusi. Juu ya hapo joto huzalisha fufurali na mti wenyewe hutoa asidi asetiki, vyote sumu kwa hamira.

Siku hizi nakamua maji hayo ya asidi na kuyaweka kando. Makapi nayapika tena saa moja kwenye soda kali (hidroksidi ya sodiamu) ya asilimia 2 ili kuondoa lignini, gundi inayoshikanisha nyuzi za mbao, kisha naosha hadi maji yatoke meupe. Tumia mitungi ya kioo kinachostahimili joto, kifuniko kimelegezwa, ndani ya sufuria ya presha. Alumini italiwa na asidi na soda vilevile. Misonobari iache, soda haiiwezi vizuri.

Kisha natia vimeng'enya vya selulasi, vinavyovunja selulosi kuwa sukari ya glukosi, kwa pH 4.8 na nyuzi 50. Hapa kuna ujanja ninaojivunia. Ukimimina makapi yote mara moja unapata uji mzito usiokorogeka. Naanza na asilimia 8 ya makapi makavu, na yakiyeyuka naongeza kidogo kidogo hadi 15. Tena sisubiri vimeng'enya vimalize: glukosi ikirundikana huvizuia. Siku ya pili nashusha joto hadi nyuzi 35 na kutia hamira, iwe inaila sukari kadiri inavyotoka. Vimeng'enya ndivyo vinavyokula pesa, kwa hiyo usivichezee.

Yale maji ya asidi? Chokaa hadi pH 10, nyuzi 60 kwa nusu saa, chuja, rudisha pH 5.5 kwa asidi, chuja tena. Uchujaji wa pili usiuruke, la sivyo jasi inayotokana na chokaa na asidi itaganda kwenye mtambo wa kukeneka. Baada ya hapo yanahitaji chachu ya *Scheffersomyces stipitis*, ile inayokula zailosi.

Tarajia pombe ya asilimia 3 au 4 tu. Kilo moja ya makapi yaliyooshwa ikinipa robo lita ya ethanoli safi nimefurahi. Keneka mara mbili kwa jiko la umeme, moto wa wazi marufuku, na kibali upate kwanza. Ukifika asilimia 95.6 kwa uzito, kukeneka hakusaidii tena. Maji yaliyobaki huondolewa na zeolaiti ya 3A (punje zenye vitundu vidogo vinavyonyonya maji na kuiacha ethanoli) iliyokaushwa kwa nyuzi 250, ikiachwa humo usiku kucha, chombo kikiwa kimefungwa.