Nimonia, kwa mwandiko wangu

Wiki iliyopita daktari tarajali wetu, kijana mwenye maswali kama mtoto wa darasa la tatu, aliniuliza kama nimewahi kuitwa mbele ya Baraza la Madaktari. Tulikuwa chumba cha zamu, saa nane usiku, chai ya rangi imeshapoa. Nikamwambia sijawahi, miaka kumi na minne sasa. Akasema, "Hongera, Dokta." Hongera ile ikanikaa kooni kama mwiba wa sato.

Kilichomfanya aulize ni habari za Didier Raoult, yule profesa wa Marseille. Kijana alikuwa amezisoma zote. Machi 2020 Raoult na wenzake walichapisha utafiti wa wagonjwa 36 tu, wakadai kwamba haidroksiklorokwini inafukuza kirusi cha korona mwilini. Dunia nzima ikakimbilia dawa hiyo. Mwaka 2024 chombo cha nidhamu cha madaktari wa Ufaransa kikamfungia miaka miwili kuanzia Februari 2025, na Desemba ya 2024 jarida lenyewe likauondoa ule utafiti. "Unaona, Dokta, wenzetu hawamchekei mtu," kijana akasema.

Nikamwambia hesabu miaka. Kutoka 2020 hadi 2024. Mzee alikuwa ameshastaafu, ugonjwa wenyewe umeshapoa kuliko chai yetu. Halafu nikanyamaza, maana nilijua ninakoelekea sikutaka kufika usiku ule. Nafika leo.

Februari 2021 aliletwa hospitalini kwetu mwalimu wangu wa Jiografia wa kidato cha pili. Aliletwa na Noah ya kijijini, amekaa kiti cha katikati, kioo kimeshushwa chote, anavuta hewa kwa mabega. Nilipombana kidole na kile kipimo cha oksijeni kikasoma 79, chini mno. Mwalimu aliyekuwa akichora ramani ya Afrika ubaoni bila kutazama kitabu alishindwa kumaliza kuitikia shikamoo yangu. "Mara..." basi.

Mtakaokumbuka hali ya nchi wakati ule mtanielewa. Mliokuwa wadogo niwakumbushe. Takwimu za mwisho tulizotangaziwa zilikuwa za mwanzoni mwa Mei 2020, wagonjwa 509 na vifo 21. Mei 2020, akiwa Chato, Rais Magufuli alisema sampuli za papai na mbuzi zimekutwa na korona, na mkurugenzi wa Maabara Kuu ya Taifa akasimamishwa kazi. Juni tukaambiwa korona imekwisha. Januari 2021, Chato tena, Rais akasema chanjo hazifai. Tarehe 1 Februari waziri wa afya, ambaye ni daktari kama mimi, alikunywa mchanganyiko wa tangawizi na malimau mbele ya kamera. Wiki tatu baadaye waziri wa fedha alitolewa nje ya hospitali Dodoma kuonyesha kwamba bado yu hai, akawa anakohoa mbele ya waandishi. Maaskofu Katoliki walikuwa wameshaandika waraka kuonya kwamba ugonjwa upo. Maalim Seif, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, amefariki. Na sisi wodini tulikuwa na msamiati wetu: changamoto ya upumuaji.

Hakuna aliyeniandikia barua kunikataza kusema korona. Hilo ndilo linaloniuma. Kwenye kikao cha asubuhi mkubwa mmoja alisema tu, "Jamani, tusilete taharuki," akafungua ukurasa wa pili wa ajenda, ambao ulihusu mashuka. Inatosha. Mtanzania akisikia neno taharuki anajua limetoka wapi na linaweza kumpeleka wapi. Tulikuwa tumeona vyombo vya habari vikipigwa faini na kufungiwa. Nina mkopo wa kiwanja, nina watoto wawili. Nikachukua kalamu, nikaandika kwenye faili la Mwalimu: nimonia kali.

Na si uongo mtupu, mapafu yake yalikuwa na nimonia kweli. Ni kama kuandika kwamba mtu aliyegongwa na lori amekufa kwa kutokwa na damu.

Tiba nilimpa sahihi. Hapa sijutii. Juni 2020 utafiti wa RECOVERY wa Uingereza ulionyesha kwamba deksamethasoni, deksa yetu hii ya bei ya pipi iliyojaa kila kabati la dawa, inapunguza vifo vya walio kwenye mashine ya kupumulia kwa theluthi moja, na vya walio kwenye oksijeni kwa moja ya tano. Miligramu sita kwa siku, siku kumi. Utafiti huohuo ndio ulioonyesha kuwa haidroksiklorokwini haisaidii kitu. Niliusoma kwenye simu, chini ya mwembe wa maegesho, kama mtu anayesoma ujumbe wa mchepuko. Kwa hiyo Mwalimu alipata deksa ya korona kwa ugonjwa ambao kwenye karatasi haukuwa korona, akawekwa kwenye mtungi wa oksijeni, na siku ya sita akaanza kudai gazeti.

Mkewe alikuwa analala chini ya kitanda chake, juu ya kanga mbili. Mwanamke mwembamba, mchangamfu, mwimbaji wa kwaya, anayekuja na chupa ya uji wa ulezi ambayo alikuwa akitumiminia hata sisi. Siku ya pili alinifuata koridoni akanishika mkono wa koti.

"Mwanangu, hiki anachoumwa Baba, kinaambukiza?"

Nikamtazama. Nyuma yake kulikuwa na ndugu watatu wa wagonjwa wengine, na mmoja alikuwa na simu mkononi. Nikamjibu, "Mama, we vaa tu barakoa, wodini kuna vumbi." Nikampa ya kitambaa, ya bluu. Aliivaa kidevuni, maana alikuwa anamlisha mumewe, na mtu anayelisha mgonjwa hupuliza uji na kuongea. Nilipita mara nne siku ile, nikaiona iko kidevuni mara nne. Vumbi halistahili kusumbuliwa nalo kiasi hicho, ningekuwa yeye nami ningeishusha.

Siku ya tisa alilazwa wodi ya wanawake. Deksa, oksijeni, kulalia tumbo, vyote tulifanya. Alifariki alfajiri ya Jumapili. Kwenye mazishi yake kwaya iliimba bila barakoa, bega kwa bega, na mimi nilisimama nyuma kabisa karibu na migomba nimevaa yangu, watu wakidhani nina mafua. Chanzo cha kifo: nimonia kali. Mwandiko wangu ni mzuri, ndugu zangu. Unasomeka.

Machi ile klipu na matamko yalianza kuvuka mpaka wa Holili kutoka Kenya bila pasipoti. Maarufu kuliko yote ni ya Dk. Stephen Karanja wa Kenya, daktari wa magonjwa ya wanawake, mwenyekiti wa chama cha madaktari Wakatoliki kule. Kenya ilipopokea dozi zaidi ya milioni moja za AstraZeneca mwanzoni mwa Machi 2021, chama chake kilitoa tamko kwamba chanjo haihitajiki na ni ya kutiliwa shaka. Yeye alihimiza kujifukiza na haidroksiklorokwini. Maaskofu wa Kenya walijitenga naye. Tarehe 29 Aprili akafariki, kwa korona.

Nakumbuka siku habari ilipofika, kwa kinyozi wangu nusu ya watu walisema ameuawa ili anyamazishwe, nusu wakasema Mungu hadhihakiwi. Sikupenda upande wowote. Niliwaza wale waliojifukiza kwa neno lake wakachelewa kwenda hospitali. Na niliwaza, kwa siri, kwamba mtu huyu alisema alichoamini, kwa jina lake na cheo chake, na kama kungekuwa na mashtaka yangekuwa na pa kuanzia: hapa ulisema hivi, tarehe hii. Angejitetea, angepingwa. Mimi je, ningeshtakiwa kwa lipi? Nilisema vumbi.

Kijana wangu wa zamu, nilipomfikisha hapa, akaruka na kanuni zake: lakini Dokta, mgonjwa ana haki ya kuambiwa anachoumwa. Ndiyo, ipo hiyo. Lakini Baraza halitembei usiku na kurunzi, kwa kawaida linasubiri mlalamikaji. Na mlalamikaji wangu hakujua kama ana la kulalamikia, kwa sababu nilimficha. Aliyedanganywa kwa klipu anaweza kuirudisha na kuichezesha mbele ya kamati. Aliyenyimwa neno moja koridoni atachezesha nini?

Tuliona pia upande wa pili. Julai 28, 2021 Rais Samia alichanjwa hadharani Ikulu, na ghafla kusema korona ikawa ni kazi, tena yenye posho. Askofu Gwajima, wakati ule mbunge wa Kawe, alipohubiri kupinga chanjo, waziri wa afya Dk. Dorothy Gwajima (majina yanafanana, na mitandao haikuacha utani huo upite) akaagiza vyombo vya dola vimhoji, na Bunge likamfungia mikutano miwili. Sikupenda alichohubiri hata kidogo, kilinirudishia watu kutoka mlangoni mwa chumba cha chanjo. Ila nilicheka peke yangu. Mwezi wa pili kusema korona ipo ilikuwa taharuki, mwezi wa nane kupinga chanjo yake ikawa utovu wa nidhamu. Kirusi ni kilekile.

Agosti ile nikapewa kipaza sauti. Soko la Jumamosi, mimi na muuguzi mmoja, boksi la baridi lenye chanjo ya Johnson, ya dozi moja, na meza ya plastiki. Nikaeleza vizuri, nadhani. Mwalimu alikuwa amekaa kwenye benchi la muuza kahawa, fimbo katikati ya magoti. Alinyoosha mkono kama tulivyokuwa tukinyoosha sisi darasani kwake. Nikampa nafasi.

"Daktari, mwezi wa pili ulituambia ni changamoto ya upumuaji. Leo unatuambia ni korona, imo nchini tangu mwaka jana. Sisi wanafunzi wako tuandike lipi kwenye daftari?"

Soko zima likacheka. Yeye hakucheka. Nilijibu kitu kuhusu sayansi kubadilika kadiri tunavyojifunza, jibu ambalo ni la kweli kwa mambo mengi, na kwa hilo lilikuwa la uongo. Sayansi yangu haikubadilika. Mwezi wa pili nilikuwa najua kila nilichokuwa najua mwezi wa nane. Tulichanja watu kumi na mmoja siku ile. Mwalimu alimaliza kahawa yake akaondoka.

Oktoba, kwenye ule Mpango Shirikishi na Harakishi wa chanjo, tulipita nyumba kwa nyumba. Nilijua kwake tutafika, nikajipanga niwe mtu wa kuandika kadi ili muuguzi aongee. Mwalimu alikuwa nje anachambua maharage kwenye ungo. Kaburi la mkewe lipo pale pale, kati ya nyumba na kihamba, lile shamba la migomba, limewekewa vigae vyeupe. Alikunja mkono wa shati kabla hatujasema lolote. Muuguzi akamchoma, akaenda nyumba ya pili, mimi nikabaki naandika kadi iliyokuwa imeshakwisha kuandikwa.

Nikamwambia. Kwa sauti ndogo, lakini nilimwambia: Mwalimu, ilikuwa korona, yako na ya Mama, na aliponiuliza koridoni nilikuwa najua.

Aliendelea na maharage yake kwa muda, akitoa mawe na kuyaweka pembeni kwenye kifuniko cha chupa. Ile chupa ya uji. Kisha akauliza kama faili bado lipo. Nikamwambia lipo masjala, mafaili tunayatunza. Akauliza kama daktari anaruhusiwa kusahihisha alichoandika. Nikasema naweza kuongeza maelezo, kwa tarehe na saini.

"Basi ongeza," akasema. Halafu akanitajia jina lake lote, taratibu, la ubatizo, la baba na la babu, na mwaka aliozaliwa, akisubiri baada ya kila neno kama mtu anayesomesha imla.