Kijivu kile kile

Kila anayekuja kujifunza kuchora kwangu namwonyesha kwanza picha ya Edward Adelson, mwanasayansi wa Marekani anayechunguza jinsi tunavyoona, ile ya mwaka 1995 yenye ubao wa drafti na mcheduara uliosimama pembeni na kuangusha kivuli juu ya ubao. Mraba A uko nje ya kivuli, unaonekana umekolea. Mraba B uko ndani ya kivuli, unaonekana mweupe. Namwambia: rangi ni moja, hakuna tofauti hata chembe. Hapo ubishi unaanza. Wengine hunitazama kama tapeli.

Basi natoa kipande cha kadi chenye matundu mawili, nakilaza juu ya picha ili kila mraba uchungulie kwenye tundu lake. Kweli, ni kijivu kile kile. Naondoa kadi, tofauti inarudi palepale. Hilo ndilo linalonishangaza kuliko yote: umeshajua, umeshahakikisha, na bado huoni. Mimi mwenyewe nimeitazama picha hii miaka na miaka, na B bado ni mweupe. Sehemu ya akili inayojua na sehemu inayoona hazisemezani.

Watu husema macho yanadanganya. Siipendi kauli hiyo, ni kuyaonea. Mwanga unaofika jichoni unatokana na mambo mawili kwa pamoja: rangi ya kitu chenyewe, na kiasi cha mwanga kinachokimulika. Jicho hupokea mchanganyiko, halielezwi kipi kimechangia nini. Kugawanya ni kazi ya ubongo. Unaona kingo za kivuli zilivyo laini, unaona miraba inavyopishana mweusi kwa mweupe, unaamua: huu B ni mweupe, kivuli tu ndicho kilichoufifisha. Na ubao ule ungekuwa wa mbao, umewekwa mezani mbele yako, ubongo ungekuwa umepatia kabisa! Mjerumani Hermann von Helmholtz aliieleza kazi hii tangu karne ya 19 kuwa ni makisio tunayoyafanya bila kujua kama tunakisia. Katika maisha ya kawaida hakuna anayehitaji kupima mwanga. Tunataka kujua kitu ni kipi na kina rangi gani.

Isipokuwa mchoraji. Mwekee mwanafunzi kikombe cheupe, nusu yake iwe kivulini, kisha tazama penseli yake. Upande wa kivuli ataugusa kidogo tu, kwa kuwa anajua kikombe ni cheupe, na mchoro utatoka bapa. Kumwambia "weka giza zaidi" hakusaidii sana. Namwambia abane macho mpaka kila kitu kiwe ukungu, au arudi kwenye kadi ya matundu. Ndipo anagundua kwamba ule upande "mweupe" umekolea kuliko kitambaa cha kijivu kilicholala kwenye mwanga. Wengi hucheka. Mmoja alinuna.

Lakini ubongo huohuo unaonitia tabu kwenye vivuli ndio unaonifanyia nusu ya kazi kwenye mistari. Mwitaliano Gaetano Kanizsa alionyesha mwaka 1955 kwamba ukipanga miduara mitatu meusi, kila mmoja umekatwa pembe kama keki, mtazamaji ataona pembetatu nyeupe katikati, tena nyeupe kuliko karatasi yenyewe, ilhali hakuna aliyeichora. Ndiyo maana simalizi mistari. Bega linalopotelea kwenye mwanga naliacha lipotee, na hakuna aliyewahi kuniuliza liko wapi.

Hata jicho lenyewe lina tundu, pale neva inapotokea kwenda kwenye ubongo. Mfaransa Edme Mariotte aliligundua katika karne ya 17. Chora msalaba kushoto na doa kulia, sentimita 8 hivi kati yao, funga jicho la kushoto, kaza jicho la kulia kwenye msalaba, kisha sogeza karatasi taratibu. Ikifika kama sentimita 30 kutoka usoni, doa linatoweka. Huoni shimo. Unaona karatasi tupu, ubongo umeshaziba.

Sura za watu ndizo kazi ngumu zaidi, kwa sababu hapo makisio yana nguvu mno: mwanafunzi anachora "jicho" analolijua badala ya lile lililo mbele yake. Dawa yangu ni ya zamani, kugeuza picha juu chini na kuinakili hivyohivyo. Uso unavunjika na kubaki maumbo tu. Ila dawa hii ina kasoro yake. Mwaka 1980 mwanasaikolojia Peter Thompson aligeuza macho na mdomo tu juu chini katika picha ya Margaret Thatcher, waziri mkuu wa Uingereza wakati huo, kisha akaipindua picha nzima juu chini, na ikaonekana haina neno. Kuisimamisha wima, inatisha. Kwa hiyo kila baada ya muda mfupi nawaambia wasimamishe karatasi wima waangalie, maana jicho lililokaa upande ukiwa umepindua picha hutaligundua mpaka umeshatia wino.